Binti yangu ameandika kwamba matroni anawatendea "harshly". Nisubiri au niende?

BARUA

Habari za kazi, mshauri. Kama umenizidi umri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Singida, nauza vitenge sokoni. Mume wangu ni dereva wa malori ya mizigo, anakwenda Zambia na Kongo, na akishaondoka zinaweza kupita wiki kadhaa bila kumuona. Mtoto wetu wa kwanza ni binti wa miaka 12, yuko darasa la sita kwenye shule ya bweni ya Kiingereza, mkoa mwingine. Tulimpeleka huko alipoingia darasa la tano. Mimi niliishia kidato cha pili na Kiingereza nasoma kwa kubahatisha, nikasema mwanangu asije akapata shida niliyopata mimi.

Pale shuleni simu haziruhusiwi. Kila mwisho wa mwezi watoto wanaandikishwa barua darasani, na lazima iwe kwa Kiingereza, maana Kiswahili mwisho wake ni kwenye kipindi cha Kiswahili. Mwalimu wa darasa anazipitia, anazipiga picha, anamtumia kila mzazi ya mtoto wake kwa WhatsApp. Barua za nyuma zote zilikuwa zinafanana: hajambo, anasoma kwa bidii, anaomba sabuni na biskuti, nimsalimie bibi. Mwaka jana aliwahi kuandika kwamba matroni wao "is strict". Hilo nililielewa, wala halikunipa shida, kwa sababu hata bibi yake mzaa baba ni mtu wa namna hiyo na wajukuu wanampenda.

Mwezi huu imekuja nyingine. Nakuandikia kama ilivyo: "Mum, I am fine. The new matron treats us harshly, especially at night. Please bring me two bedsheets. Don't worry. I will work hard."

Hilo neno "harshly" sikuwa nalijua. Nikaliingiza kwenye simu, ikaniletea "kwa ukali". Nikatulia. Jioni nikampelekea jirani yangu, mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akaisoma, akairudia, kisha akaniambia, "Mama, hilo si neno dogo. Hapo mtoto anasema wanatendewa kikatili." Usiku ule sikupata usingizi.

Nikampigia baba yake, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Akaniambia nisimdekeze mtoto. "Sisi tumelelewa kwa fimbo na tumekuwa watu. Huyo kafundishwa neno jipya, analifanyia mazoezi. Ada ya mwaka tumeshalipa na hairudishwi." Akaongeza kwamba nikianza kupigapiga simu shuleni, atakayeandamwa ni mtoto. Hapo siwezi kumbishia. Mwaka jana kuna mzazi alilalamikia chakula, na mtoto wake akawa anaitwa mbele za watu "mtoto wa mama" mpaka muhula ukaisha.

Siku ya kutembelea watoto ni mwisho wa mwezi ujao. Nisubiri? Nipande basi kesho? Nimhamishe, na mwakani ni darasa la saba? Mama mkwe anasema nifunge na kumuombea. Mimi naomba kwanza unisaidie neno lenyewe lina uzito gani, nisije nikamharibia mtu kazi yake kwa sababu ya neno la kwenye kitabu, au nikakaa kimya kumbe mwanangu alikuwa ananiita.

Samahani kwa kukuchosha.

Mama wa Singida
(jina tunalihifadhi)

JIBU

Marahaba, mama. Hujanichosha hata kidogo, na nakushukuru kwa kuninukulia barua yenyewe badala ya kunieleza tu inasema nini. Imenisaidia sana.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa katikati ya watu wanaokupenda, na kila mmoja ana jibu lake. Simu inasema ni ukali tu. Jirani anasema ni ukatili. Baba wa mtoto anasema ni msamiati. Bibi anasema ni maombi. Na wewe unahisi kwamba ukishajua neno lile lina maana gani hasa, utajua la kufanya. Naomba tulitazame hilo neno kwa utulivu, kisha nitakuomba tuangalie na sentensi zilizolizunguka, kwa sababu mimi zimenishtua kuliko lenyewe.

Simu yako na jirani yako wote wako sawa, ila kila mmoja kashika ncha yake. "Harsh" kwa asili ni kitu kinachokwaruza, kisicho laini mkononi, mdomoni au sikioni. Mpaka leo wenye lugha yao wanalitumia kwa baridi kali ya kwao, kwa taa inayoumiza macho, kwa sabuni inayochubua ngozi. Likiongezwa mkia likawa "harshly", linaeleza jambo limetendwa kwa namna gani, na uzito wake unategemea kitenzi kilichotangulia. Mtu aki-"speak harshly", amekukaripia, hakukugusa. Aki-"judge harshly", amekuhukumu bila kukupa nafasi ya kujieleza. Aki-"punish harshly", adhabu imekuwa kubwa kuliko kosa. Mwanao ameandika "treats", na hicho ndicho kitenzi kipana kuliko vyote hivyo: jinsi mtu anavyokuchukulia na kukufanyia, kutwa kucha. Ndani yake panaweza kuingia kufokewa, kunyimwa chakula, kupigishwa magoti sakafuni, kuchapwa, na mengine. Kwa hiyo neno limekueleza mtoto anavyojisikia kutendewa. Alichotendewa halijakitaja.

Ukatili alioutaja jirani yako, kwa Kiingereza una neno lake, "cruelly", ambalo linambebesha mtendaji roho mbaya, mtu anayeona umeumia na hajali. Na kama mwanao angetaka kusema wanapigwa hasa, kuna "brutally". Sidhani mtoto wa darasa la sita anapima maneno kwa mizani hiyo, kwa hiyo kutoliandika lolote kati ya hayo mawili hakunipi faraja yoyote, wala nisingependa likupe wewe.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho nadhani alikipima. Mwaka jana, kwa matroni wa zamani, alitumia "strict". Hilo ni neno la mtu anayeshika taratibu: taa zinazimwa saa fulani, vitanda vinatandikwa, hakuna kucheleweshana. Mtoto anaweza kumwita hivyo mtu anayempenda, kama wajukuu wanavyompenda bibi yao. "Harshly" ina lawama ndani yake. Anayelitamka ameshaona kwamba kipimo kimepitilizwa. Binti yako anayo maneno yote mawili kichwani, na safari hii, kwa matroni mpya, lile la mwanzo hakulitumia.

Mume wako anaweza kuwa sahihi kwamba amefundishwa neno jipya. Kwenye madarasa hayo watoto hufundishwa maneno ya namna hiyo mengi kwa mkupuo. Ila neno kuwa jipya kwake hakulifanyi kuwa la uongo. Pengine alikuwa na jambo kwa muda mrefu, na sasa ndipo amepata neno la kulisemea.

Kumbuka pia ameliandikia wapi. Darasani, kwa lugha ambayo si yake, kwenye karatasi anayojua mwalimu ataisoma kabla yako. Mtoto katika hali hiyo hawezi kuandika kila kitu. Anaandika kile anachodhani kitapita. Na kimepita: mwalimu wa darasa ameisoma, akaipiga picha, akakutumia. Huenda hakuona uzito wowote. Huenda pia ameuona, na akaona wewe ndiye unayestahili kujua. Kwa vyovyote vile, huyo ni mtu ambaye ningeanza naye, na nitarudi kwake baadaye kidogo.

Sasa sentensi zenyewe. "Especially at night." Halafu, mara moja, "Please bring me two bedsheets." Wewe umezipita, na si ajabu, kwa sababu macho yako yote yalikuwa kwenye neno moja. Mimi nimezisoma zikifuatana. Kwa nini usiku? Na kwa nini shuka mbili, katikati ya muhula, kwa mtoto ambaye siku zote huomba sabuni na biskuti?

Inawezekana kabisa hazihusiani. Bwenini shuka zinaibiwa, zinachanika, zinapotea kwenye kamba ya kuanikia. Lakini ana miaka 12. Inawezekana amevunja ungo, damu imemkuta usingizini, shuka zimechafuka, na mtu mzima aliyepaswa kumwita pembeni na kumpa pedi amemkaripia mbele ya wenzake. Sijui kama mlishazungumza habari za hedhi. Kama bado, si kosa, wengi huwa tunadhani muda upo.

Inawezekana pia anakojoa kitandani. Tafadhali usilipokee hili kama aibu. Wapo watoto wa umri wake ambao bado inawatokea, mara nyingi ni jambo linalokwenda kwa damu, kwa hiyo muulize baba yake taratibu au mama mkwe kama kwenye ukoo lipo. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kwa miaka kisha akaanza upya ni habari tofauti kidogo: hofu inaweza kuleta hilo, lakini pia maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu cha muda mrefu, na wakati mwingine kisukari. Huyo anahitaji kuonwa na daktari. Kinachojulikana ni kwamba mtoto hafanyi makusudi, na kumwadhibu kunazidisha. Mabweni yetu mengi hayajalielewa hilo. Mtoto anaamshwa alfajiri, anabebeshwa godoro kwenda kulianika wote wakitazama, na usiku unaofuata anaogopa kulala, na hofu ile ile inamrudisha alikotoka. Ikiwa hicho ndicho kinachoendelea, "harshly" ni neno la upole.

Na lipo la tatu, ambalo nalisema kwa sababu nisingejisamehe nikilinyamazia. Jambo lolote ambalo mtoto anasema linatokea usiku, likimhusu mtu mzima, mzazi anapaswa kuuliza pia habari za mwili wake: nani anaingia bwenini, na kama kuna mtu anamgusa asivyopenda. Sijaliona hilo kwenye barua. Naomba tu uwe tayari kulisikia, ili kama lipo asione uso wako umebadilika akaghairi kusema.

Ndiyo maana nasema tusimalizane na neno. Mtoto akisema tumbo linauma, mganga haendi kutafuta maana ya "kuuma". Anamuuliza ni upande gani, tangu lini, linazidi saa ngapi.

Nije kwa baba. Naomba usimwone kuwa hajali. Mtu aliyeko kwenye foleni ya Tunduma, mbali na nyumbani, hawezi kufanya lolote usiku ule, na kusema "ni mambo ya kawaida" ni njia yake ya kuweza kuendelea na safari. Hata hivyo hoja yake ya fimbo inahitaji kujibiwa, maana huenda hajui sheria inasema nini. Wenzetu Kenya walifuta viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunavyo, lakini vimewekewa mipaka na kanuni za mwaka 2002: ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemuidhinisha kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Si ruhusa ya kila mtu mzima aliyeko eneo la shule, na si jambo la kufanyika gizani bwenini. Juu ya kanuni hizo iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kifungu chake cha 13 kinakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na kinasema adhabu iliyozidi umri na hali ya mtoto haina uhalali. Kumdhalilisha, mama. Hata bila fimbo. Mweleze mume wako kwamba hubishani naye juu ya malezi mliyolelewa nayo. Unamuuliza kama yeye mwenyewe angekubali bintiye atendewe jambo ambalo hata sheria inayoruhusu viboko hailiruhusu. Na mwaka 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kuadhibiwa na mwalimu. Sisemi hayo ndiyo yanayomkabili mwanao. Nasema msemo wa "tumepigwa na tumekuwa watu" huwa unasemwa na waliobaki kuusema.

Nisipite bila kukuambia hili, maana nimelisikia chini ya barua yako: hukukosea kumpeleka bweni. Serikali mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na wako alikuwa ameshavuka hapo. Uliangalia maisha yake ya mbele kwa nguvu ulizonazo. Naye anajua. "Don't worry, I will work hard" si maneno ya mtoto anayedeka. Ni mtoto anayejua vitenge vingapi vimeuzwa ili yeye akae pale, na anajitahidi asikuumize wakati huo huo anakuomba msaada.

Haya, ufanye nini. Siwezi kukuchagulia, ila naweza kukueleza ninavyoziona njia zilizopo.

Kusubiri siku ya kutembelea kuna faida moja: hutamfanya aonekane tofauti na wenzake. Hatari yake ni kwamba kama jambo ni zito, huo ni muda mrefu kwa mtoto. Tena siku ile uwanja unajaa wazazi, kila mtu na hotipoti lake la pilau, na walimu wanapitapita kusalimia. Faragha ni ya kuitafuta.

Kupiga simu shuleni, ukianza na "mnawatesa watoto wetu", kunaweza kuleta kile ambacho mume wako anakiogopa. Lakini zipo simu za namna nyingine. Unaweza kumpigia mwalimu wa darasa, ukamshukuru kwa barua, ukamuuliza afya ya mtoto: analala vizuri? Anakula? Ameonekana mpole kuliko kawaida? Kisha unyamaze umsikilize. Mwalimu anayejua kitu na anaogopa kukisema mara nyingi hujulikana kwa jinsi anavyosita. Usimtaje matroni kwanza. Akimtaja yeye, umeshajua mengi.

Njia ya tatu ni kwenda mapema, na sababu umepewa na mtoto mwenyewe: ameomba shuka. Mzazi kupeleka shuka hakumshtui mtu. Baadhi ya shule zitakuambia uache getini, kwa hiyo mpigie mkuu wa shule kabla hujapanda basi, umwambie una jambo la kiafya la binti yako na unaomba kumwona ana kwa ana nusu saa. Ni kweli, wala humdanganyi mtu. Akikataa bila sababu ya maana, kukataa kwenyewe ni habari. Gharama ya njia hii ni nauli, siku za biashara zitakazopotea, na pengine maneno ya baba yake.

Kumhamisha sasa hivi ni uamuzi ambao ningependa uuache mezani mpaka uwe umemsikia. Yuko darasa la sita, mtihani wa taifa wa darasa la saba anaufanya mwakani kwa Kiingereza. Ukimrudisha shule ya serikali iliyo jirani, masomo yote isipokuwa Kiingereza chenyewe yatakuwa kwa Kiswahili na atalazimika kujifunza upya majina ya kila kitu, kuanzia hisabati mpaka sayansi. Watoto huweza, lakini ni mzigo. Kumtafutia shule ya Kiingereza ya kutwa hapo Singida ni jambo jingine. Uliza ada, uliza nafasi, bila kumwambia mtu. Ukiwa na jibu mkononi utazungumza na shule bila kutetemeka, hata kama hutalitumia. Na kama utakuta jambo ni zito, ada iliyolipwa isiwe ndiyo inayomzuia asirudi nyumbani.

Utakapomwona, mtoe nje ya majengo, hata chini ya mti, na uzungumze naye Kiswahili, au Kinyaturu kama ndiyo lugha ya nyumbani. Usianze na matroni. Anza na usiku: "Siku hizi usiku ukifika huwa mnafanya nini? Mkishalala? Mtu akitaka kwenda chooni?" Maswali ya namna hiyo yanamwachia nafasi. Ukimuuliza "anakupiga?" atajibu ndiyo au hapana, na akiona una hasira atajibu hapana. Ameandika "us", yaani "sisi", kwa hiyo muulize na wenzake wanatendewaje; watoto wengi husema ya rafiki kwanza ndipo waseme yao. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu huenda ukalazimika. Mwahidi kwamba hutafanya lolote bila kumweleza kwanza. Na muulize anataka nini kifanyike. Ana miaka 12, ana maoni, na yeye ndiye atakayelala pale usiku ule baada ya wewe kuondoka.

Kama atasema mambo ambayo ni ukali wa kawaida, taa na kelele na kutandika kitanda, utakuwa umemsikiliza na utarudi umetulia. Kama ni kudhalilishwa kwa sababu ya mkojo au hedhi, zungumza na mkuu wa shule, umwombe na matroni awepo. Nimependa kwamba umemuwazia na huyo mama, usimharibie kazi. Matroni mmoja anaweza kuwa na watoto wengi kupita uwezo wa mtu mmoja, usingizi mchache, na asiwe amewahi kuelekezwa kwamba kikojozi si mkaidi. Wapo wanaobadilika wakielezwa. Mkuu wa shule asipokusikiliza, iko ofisi ya elimu ya halmashauri ilipo shule, na wako wathibiti ubora wa shule, ambao kazi yao ni pamoja na kuangalia watoto wanaishije mabwenini.

Na kama utaona alama mwilini, au akakuambia ameguswa, au akakushika nguo asitake uondoke, hapo hatuzungumzi tena habari za kusubiri. Ondoka naye, mpeleke hospitali, na nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina gharama, na unaweza kuipiga hata leo kuomba ushauri tu kabla hujajua lolote kwa uhakika.

Mama mkwe naye ana sehemu yake. Maombi hayakuzuii kupanda basi. Pengine ukimwomba abaki na wadogo siku hiyo, atajiona ameshirikishwa.

Kuna jambo ambalo linaweza kufanyika kabla ya yote haya. Mwanao alituma barua, na hajui kama umeielewa. Mjibu wiki hii kupitia kwa mwalimu yule yule. Usimuulize chochote cha matroni, kwa sababu itasomwa. Mwandikie kwamba barua umeipata na umeisoma yote, kwamba shuka utazileta mwenyewe, na umtajie siku. Kama watasema lazima iwe Kiingereza, jirani yako mwalimu atakusaidia. Mistari mitatu inatosha. Ukishatoka huko niandikie tena, na usipotaka ichapishwe, sema, nitakujibu pembeni.